Katibu Anaandika

Kikao kilifunguliwa saa mbili na robo usiku
chini ya nyumba ya Pendaeli, Lowell, Massachusetts,
boila likikoroma kama mtu aliyelala na deni.
Waliohudhuria: kumi na wawili. Theluji sikuiandika.

Ajenda ilikuwa moja: poda.
Ile insulini ya kuvuta kwa mdomo, isiyo na sindano,
tuliyoitia fedha yote ya chama mwezi wa Mei,
dola tisa na senti arobaini kila hisa,
tukasema, nani duniani apendaye kudungwa?
Sasa ni Januari. Mbili na sabini na tano.

Elikana, mweka hazina, alivaa miwani akasoma:
"Wiki iliyopita madaktari wa nchi nzima
wameandika vyeti mia tatu na kumi na moja.
Wajuzi wa soko walitarajia elfu mbili."
Akairudia, mia tatu na kumi na moja,
polepole, kama anayetafuta ufa kwenye sufuria.

Maneno yakawa mengi.
Mosongo alisema kampuni ina wauzaji wachache,
vijana wa suti wanaoacha sampuli mapokezini na kukimbia.
Nyaboke, anayekesha na wazee huko Chelmsford,
alisema shida ni kipimo cha mapafu:
lazima daktari akupulizishe mashine kwanza,
na daktari ana dakika kumi na moja za kukuona,
tano kati ya hizo anaiona kompyuta.
"Na matangazo je?" akauliza Kidawa.
"Dawa ya vipara naiona kwenye runinga kila usiku.
Hii yetu imefichwa wapi?"
Tulicheka. Kicheko nacho sikukiandika.

"Haba na haba," Pendaeli akaanza,
Mosongo akamkata: "Kibaba kimetoboka, ndugu yangu."

Mwanakombo hakuwa amesema.
Kabla ya chakula alipanda ngazi kwenda bafuni
na kipochi chake cha maua, kama siku zote,
akarudi ananukia spiriti, akachukua chapati mbili.
Sote twajua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.
Usiku ule Elikana, kwa adabu ya mtu wa hesabu:
"Wewe ndiye mteja wetu hasa. Mbona huinunui?"

Alifuta vidole kwanza.
"Niliiomba tangu Agosti. Bima wakanijibu kwa barua,
kurasa nne: sharti kwanza sindano zinishinde.
Nimejidunga miaka kumi na tisa. Hazijanishinda.
Sasa niwaulize nyinyi wenye kampuni:
zikinishinda, nitakuja kuinunua nikiwa wapi?"

Boila likazima. Likawaka tena.
Chapati ya pili hakuigusa.

"Tupige kura," akasema Elikana.
Kuuza, watano. Kungoja, sita.
Nikaandika: Mjumbe mmoja hakupiga kura.
Nikaandika: Kikao kilifungwa saa nne kasorobo kwa sala.
Nikafunga daftari.

Nje, nikikwangua barafu kwenye kioo cha gari
(yeye hupanda kwangu, tunaishi mtaa mmoja),
nilisikia simu yake ikilia ule mlio mkali.
Sitini na moja, mshale unatazama chini.
Alikuwa amejidungia chapati mbili.

Kwenye droo ya gari palikuwa na pakiti ya juisi ya tufaha
iliyoganda kama tofali.
Akaitia kwapani, ndani ya koti, akafumba macho.
Nikawasha hita hadi mwisho wake.
Jasho lilimtoka katika baridi ile ya kupasua mawe.
Likayeyuka tone, akalinyonya. Likaja jingine.
Simu tuliiweka juu ya dashibodi, baina yetu,
na jinsi tulivyoikodolea macho ile namba,
Elikana angetuonea wivu.
Hamsini na nane.
Hamsini na nane.
Sitini na tatu.

"Inapanda," nikasema.

"Basi usiuze," akasema,
meno yakimgongana, mrija mdomoni.